Mtani Wangu, Ulisaini Bila Kuniambia

Mtani wangu Maganga,

Siku ya mazishi yako nililala chini mbele ya jeneza. Ulijua ningefanya hivyo. Nilijinyoosha katikati ya njia ya makaburini, pale Kibiti, na kanzu yangu safi, nikasema Mnyamwezi huyu hapiti hapa mpaka wenye msiba wanipe jogoo, maana amekula samaki wa kwetu maisha yake yote ya ukubwani na hajawahi kusema asante. Padri mgeni alisimama hajui afunge kitabu chake au aendelee. Wenyeji walicheka. Mkeo, Mama Anjela, alicheka huku anafuta machozi, akasema, "Mpeni huyo mla kaa jogoo wake, mwalimu akapumzike." Nikavaa koti lako la kijivu, nikatembea kama ulivyokuwa ukitembea, bega la kushoto juu kama mpagazi aliyesahau kutua mzigo, nikayataja makosa yako mbele ya watu. Kwamba hurudishi vitabu vya watu. Kwamba unakoroma kwenye boti mpaka nahodha anadhani mashine imeharibika. Kwamba ulifundisha kwetu delta miaka yote ile na Kindengereko chako bado kinafukuza kuku.

Nikasema ni hayo tu, nimekupekua sijaona jingine.

Lilikuwapo jingine. Ndugu hawawezi kulitaja kosa la marehemu wao. Mtani ndiye anayelitaja, watu wakacheka, nalo likazikwa pamoja naye. Lako halikutajwa kwa sababu sikulijua. Limebaki juu ya ardhi, nami ndiye ninayetembea nalo. Kwa hiyo nakuandikia.

Nianze mbali kidogo, kwa maana hasira inanifanya niruke mambo, na wewe hukupenda mtu anayeruka mambo.

Tulianza kurekodi sauti za wazee mwaka uliostaafu na kujenga Kibiti. Wewe ulileta kinasa sauti, mimi nikaleta majina. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kuandika majina ya watu ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka. Tena nilikuwa na sababu yangu. Kitongoji chetu cha delta kilihamishwa nikiwa kijana, wakatuleta nchi kavu, na tangu hapo nimeishi Bungu kandokando ya barabara kama mtu anayesubiri basi. Tulikaa na wazee kwenye vibanda vyao vya jiko, unawafunika kuku kwa tenga wasiharibu sauti, unajaribu mashine: "Moja, mbili, tatu, Tabora." Wazee wakataja vijito, wakataja nani alizikwa wapi, nani alihamia wapi. Binti yako Anjela akatutengenezea ukurasa kwenye mtandao, na juu yake ukaandika kwamba sauti hizi ni za kila mtu. Aliyeko Mkongo, aliyeko Temeke, aliyeko Maskati, afungue asikie kwao.

Halafu kampuni ikaja kusimamisha mnara kule kisiwani, kwenye kijiji anachoishi mdogo wangu Zuhura.

Unaukumbuka mkutano ule wa ukumbi wa kata. Binti mpole wa kampuni alieleza kwamba simu yoyote yenye laini yao, hata kama haina salio, itafungua kurasa walizozichagua wao: mpira, nyimbo, hali ya hewa, mafundisho kidogo ya afya. Nje ya hizo, mtu anunue kifurushi. Nikasimama. Nilisema mwenye mnara kazi yake ni kupitisha ujumbe wa watu wote kwa haki ileile, kilicho chake na kisicho chake. Asikae mlangoni akamwambia huyu ingia bure, huyu lipa, huyu nenda polepole. Akishachagua mlango, amechagua na tutakachokijua. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee Shomari, wewe una pensheni ya kununulia bando, sisi je?" Watu wakacheka. Yule binti akaniuliza kwa adabu kama kidogo cha bure si bora kuliko kingi nisichokigusa.

Nilikuwa natafuta jibu ulipoinuka wewe. Bado nakuona, umeshika ukingo wa meza kama uko darasani. Ulisema, "Mwanafunzi ukimpa ukurasa mmoja ukamwambia hicho ndicho kitabu, hujampa ukurasa. Umemnyang'anya kitabu, na hatajua kamwe kwamba amenyang'anywa." Watu wakapiga makofi. Njiani nilikwambia kwamba leo mpagazi amebeba kitu cha maana. Ukacheka. Hukusema lolote zaidi. Sasa najiuliza kama ulikuwa umeshaanza kufikiri upande wa pili.

Wiki ya sita baada ya kukuzika nilikwenda kumtazama Zuhura. Nilichukua bodaboda mpaka Nyamisati, nikapanda boti, magoti yakalalamika kama kawaida. Nilimkuta anakuna nazi. Baada ya salamu na kuulizana habari za watu, akafuta mikono, akanipa simu yake. "Kaka, kaa hapo. Kuna mtu wako humu."

Kwanza kilipigwa kile kiwimbo cha kampuni. Halafu ukazungumza wewe.

"Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Mwalimu Maganga. Sauti za delta zinakujieni kwa hisani ya..." Ukataja jina la kampuni kwa ufasaha, kila herufi mahali pake, kama unavyosoma tangazo la matokeo.

Nilishika nguzo ya kibaraza. Sikuwa nimesikia sauti yako tangu hospitali, na hapo ilikuwa imebaki pumzi tu. Hapa ulikuwa mzima. Kwa dakika nzima nilifurahi, Maganga, nataka ujue hilo. Nilifurahi kabla sijaelewa ninachokisikia.

Ikaja sauti yangu mimi. Nataja vijito vya kwetu kimoja kimoja, nasema ni kipi kinapitika maji yakiwa madogo. Nikaanza kueleza siku ya kuhamishwa, jinsi tulivyong'oa milango ya nyumba tukaipakia kwenye mitumbwi, na hapo ngoma zikapigwa, sauti yangu ikaishia hapo. Akafuata mzee mwingine.

Zuhura alikuwa ananitazama. "Umetaja vijito vyote," akasema, "mpaka vya watu wengine. Milango ya nyumba umeitaja. Mama hukumtaja."

Nikamwambia nilimtaja.

"Sikiliza tena."

Tukasikiliza tena. Vijito, milango, ngoma.

Wewe unajua mama yetu alizikwa siku tano kabla ya kuhamishwa. Unajua tulimwacha kule na udongo haujakauka, hatujamaliza hata kumwekea miti ya kichwani na miguuni. Unajua pia kwamba Zuhura aliolewa akarudi delta, na kila Idi ikikaribia anavuka kijito peke yake na jembe, anakwenda kufyeka pale, miaka yote hii, wakati mimi nimekwenda mara za kuhesabika. Alikuwa akiisikia rekodi ile kwa karibu mwaka mzima, yeye na majirani zake, kwa sababu ni ya bure na hapana nyingine. Jirani mmoja amemuuliza, "Kumbe kaka yako hana mama?" Zuhura akacheka mbele yao. "Nimekaa na hilo tangu masika," akaniambia, akarudi kwenye mbuzi yake na nazi yake.

Nikasema kuna ukurasa wetu wa zamani, huko maneno yote yapo. Nilikwenda dukani nikamnunulia kifurushi, nikarudi, nikafungua kwa mikono yangu. Ukurasa ulikuwa mtupu. Maneno mawili matatu tu: sauti hizi sasa zinapatikana kwa mshirika wetu. Chini yake ipo alama ya kampuni. Tangu uanze kuumwa sikuwa nimeufungua, hilo ni kosa langu na nalibeba mwenyewe. Zuhura akachungulia. "Basi hata huko hayupo," akasema.

Nilimtumikia hakimu miaka mingi, nimeona watu wakihukumiwa. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya mdogo wake, anasema kweli tupu, na hana hata kipande kimoja cha kuonyesha.

Niliporudi nilipita kwako Kibiti, na mkeo alinipa faili la mkataba bila kuuliza. Nadhani alikuwa akinisubiri. Mkataba una kurasa nane. Ukurasa wa tatu unasema kampuni inaweza kufupisha rekodi kadiri itakavyoona inafaa. Ukurasa wa sita unasema sauti hizo hazitawekwa mahali pengine popote mkataba ukiwa hai. Chini ya kila ukurasa umetia sahihi fupi, ile M yenye mkia niliyoizoea kwenye daftari zetu. Kwa hiyo ulisoma. Ulifundisha watoto wa delta kwamba mtu hasaini asichokisoma, na siwezi kujidanganya kwamba ulikuwa huoni. Ulisaini miezi minne baada ya mkutano ule. Wiki ileile, nimeangalia tarehe, tulikaa barazani kwangu Bungu tukila mihogo ya kuchoma, ukaniuliza habari za macho yangu.

Nilikuwa karani, Maganga. Kusoma karatasi za watu ndilo jambo pekee nililokuwa najua kulifanya vizuri. Na mkataba huu hukunionyesha.

Nilimuuliza Mama Anjela ulisemaje. Alifikiri kidogo, maana si mtu wa kuongeza chumvi. Akasema uliambiwa kwamba bila kufupishwa rekodi haziwekwi, na ukamwambia hivi: "Shomari atakataa. Akikataa, Zuhura na wenzake hawatasikia kitu mpaka wafe. Acha anitukane."

Basi nakutukana. Lakini nitakuwa mkweli, kwa sababu mmoja wetu lazima awe. Upo upande ulioona vizuri kuliko mimi. Anjela ameniambia kwamba kwa miaka yote ile ukurasa wetu ulifunguliwa Dar, ukafunguliwa Uarabuni, ukafunguliwa na watu wa vyuo. Kutoka kisiwani hakufungua mtu. Nilisimama ukumbini nikitetea mlango ulio wazi kwa wote, na waliotoa sauti zao walikuwa hawajawahi kuufikia. Zuhura aliniambia waziwazi siku ileile ya kisiwani, bila kuinua sauti: "Mlikuja na mashine, mkachukua maneno yetu, mkayapeleka mnakokujua ninyi. Mwalimu ndiye wa kwanza kutuletea."

Hata hivyo, ulichowaletea ni kipande. Mtu wa Dar akipewa kipande ana njia kumi za kujua kwamba kimekatwa. Zuhura hana hata moja. Yule asiye na mlango mwingine ndiye aliyepewa ukurasa na kuambiwa hicho ndicho kitabu, na aliyemwambia ni sauti ya mwalimu, sauti wanayoiamini pale kuliko ya shehe. Uliyasema haya mwenyewe ukapigiwa makofi. Uliyajua kuliko mimi. Laiti ungekuwa mtu asiyeelewa, ningekusamehe siku hiyohiyo kwenye boti.

Na kwa nini hukuniuliza? Tulishawahi kubishana asubuhi nzima juu ya jina la kijito kimoja. Tungebishana na hili. Huenda ungenishinda. Ama uliogopa kunishinda, ama uliniona mzee mkaidi wa kuzungukwa tu. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili na nimechoka.

Wiki iliyopita Anjela alikuja likizo. Mama yake akatoa lile boksi la viatu ulimokuwa ukiweka diski zako, Anjela akaunganisha moja na kompyuta yake, tukakaa watatu sebuleni kwako. Rekodi zimo zote, nzima, kabla ya kukatwa. Nilimwomba atafute yangu.

Vijito, halafu milango. Halafu hapakupigwa ngoma. Nilisikika nikivuta pumzi, nikaanza kueleza habari za mama: jinsi tulivyomchimbia haraka, jinsi Zuhura, bado msichana, alivyokataa kupanda mtumbwini mpaka baba akambeba. Nikamtaja jina. Nililitaja haraka, nikalimeza, kama mtu anayepita mahali asipotaka kusimama. Halafu ukaingia wewe, karibu sana na mashine, kwa sauti ya chini ambayo sikumbuki kama niliisikia siku ile.

"Rudia jina lake lote, mtani. Polepole. Lisipotee."

Nami nikarudia. Mwanaidi binti Omari bin Kingwande. Baadaye kikohozi chako, na kuku mmoja chini ya tenga.

Anjela alisimamisha rekodi. Mama Anjela alitoka akaenda uani, nikasikia anamwaga maji yasiyohitaji kumwagwa.

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nilikuwa nimejiambia kwamba hukulijali, kwamba kwako lilikuwa jina moja kati ya mengi. Wewe ndiye uliyelitaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ningelipoteza kwa kulisema haraka. Mkono uleule ukaweka M yenye mkia chini ya ukurasa wa tatu.

Mkataba unakwisha mwishoni mwa mwezi huu. Kwa kuwa hupo, na rekodi tulizikusanya wawili, aliyebaki kusaini upya ni mimi. Yule binti mpole alifika Bungu na karatasi, akakaa kibarazani kwangu, akanipa pole ya msiba. Nikamwambia nitasaini kwa masharti mawili: rekodi ziwekwe nzima, na ziruhusiwe kufunguliwa popote, kwa mtandao wowote. Akaenda pembeni akapiga simu. Aliporudi alikuwa na haya usoni. "Mzee, wamesema ni kama ilivyo, au basi."

Nimesema basi. Nimewaandikia pia wanaosimamia mambo ya mawasiliano nchini, kurasa tatu, nikieleza kwa nini mwenye mnara asipewe kuchagua sauti ya nani ifike bure na ya nani isifike. Nasubiri. Najua umri wangu na najua kasi ya barua.

Kabla ya kusema basi nilimpigia Zuhura. Hakunisifu. Alisema, "Usikatae kwa ajili yangu. Lakini usiwanyamazishe wenzangu halafu ukarudi kulala Bungu." Kwa hiyo Anjela amenakilia rekodi zote, nzima, kwenye kadi ndogo za simu, nami nitazipeleka kisiwani. Watu watapeana, simu kwa simu, kama wanavyopeana nyimbo. Ukurasa wetu nao utarudi mkataba ukifa. Si sawa na mnara, nakubali. Rekodi mpya hazitafika mpaka mtu azibebe, na wabebaji tumebaki wachache, magoti yetu unayajua.

Kuna kitakachopotea, nacho lazima nikutajie. Ile salamu yako haimo kwenye diski. Ulirekodiwa na kampuni, ni yao, na mwezi ukiisha wataizima. Zuhura ameniambia wanawake pale kisiwani wakiifungua asubuhi, ukisema "Karibuni wasikilizaji," wao huitikia, "Tumeshakaribia, Mwalimu," ndipo wanawasha moto. Kwa hiyo kuna asubuhi moja utanyamaza, na aliyekunyamazisha nitakuwa mimi. Ningeweza kuinasa kwa simu nyingine. Nimeishika simu mara mbili kwa nia hiyo, nikaiweka chini. Sauti ile ni yako, lakini ndiyo iliyomwambia mdogo wangu kwamba kipande ni kitu kizima. Siwezi kuitunza.

Keshokutwa naondoka na boti ya asubuhi. Nitaweka kadi kwenye simu ya Zuhura, sitaeleza kitu, nitamwacha asikilize mpaka mwisho. Atasikia jina la mama mara mbili, la kwanza nililolisema mwenyewe, la pili kwa sababu uliniagiza. Ataniuliza ni nani yule anayesema polepole, lisipotee. Nakuahidi, Maganga, nitamwambia ni wewe. Na nakuahidi nitamwambia pia kwamba ni wewe uliyeacha likatwe. Sitaacha moja likafunika lingine. Akishasikia yote mawili, yeye na wenzake ndio watakaoamua kama asubuhi wataendelea kukuitikia.

Kwa sasa sina zaidi. Kwaheri, Mwalimu. Pumzika kadiri utakavyoweza.

Mtani wako,
Shomari
Bungu